Kupiga na kupeana picha za mitapo na minazi adimu bila kuwaonyesha wezi njia

Ukimtumia mjuzi wa mimea picha moja ya mtapo, mti wenye makuti kama ya mnazi, iliyopigwa kwa mbali saa saba mchana, kisha ukauliza "huu ni mti gani?", atakujibu kwa adabu kwamba ni mtapo. Hilo ulikuwa unalijua tangu mwanzo. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka jibu lenye nyama: ni spishi gani, dume au jike, wa porini au wa kupandwa, mzima au unanyonywa na vidugamba, wale wadudu wadogo wenye magamba. Tena wanataka walipate jibu hilo bila mti wenyewe kung'olewa mwezi ujao.

Hofu ya kung'olewa si ya kubuni. Mitapo ya jenasi Encephalartos ina spishi zaidi ya 60, na porini haipatikani popote duniani isipokuwa Afrika. Yote imo katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, pale wanapowekwa viumbe ambao biashara yake ya kimataifa imebanwa kuliko wote. Hukua taratibu mno, na tajiri anayetaka mti mnene bustanini kwake mwaka huu hana subira ya mbegu. Hununua mti mzima, na mara nyingi mti huo umeibwa. Mwaka 2014 wezi waliingia Kirstenbosch, bustani ya mimea ya taifa mjini Cape Town, wakaondoka na mitapo zaidi ya 20, mingi yao Encephalartos latifrons, spishi iliyo ukingoni kutoweka. Pale pana uzio na walinzi. Vilima vyetu havina.

Kwa hiyo kanuni ninayoishika ni moja: kila kinachohusu mti kitolewe kwa ukarimu, isipokuwa njia ya kuufikia.

1. Jua kwanza unatazama nini

Mtapo si jamaa wa mnazi, hata kama kwa mbali makuti yanafanana. Mnazi, mkindu, mvumo, mkoma, mwale, mpopoo na mchikichi ni ukoo mmoja, ambao humu mara nyingine nauita minazi tu, na yote hutoa maua. Mtapo hautoi ua. Hutoa koni, yaani fungu la magamba yanayobeba chavua au mbegu, na kila mti una jinsia yake, dume mbali na jike mbali.

Pwani yetu jina mtapo limebeba miti miwili, na hapo ndipo mabishano mengi huanzia. Mmoja ni Cycas thouarsii, unaoonekana visiwani na pwani ya Afrika Mashariki, Msumbiji, Komoro hadi Madagaska. Wa pili ni Encephalartos hildebrandtii wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Usihangaike na shina. Chukua jani dogo moja la kuti ulitazame kwenye mwanga. Cycas ina mshipa mmoja unaopita katikati, na kingo zake ni laini. Encephalartos haina mshipa wa kati, ina mistari mingi myembamba inayokwenda sambamba, na mara nyingi kingoni kuna meno yanayochoma. Ukiona mti jike una koni iliyofungamana, hiyo si Cycas. Jike wa Cycas huzaa mbegu kwenye vijani vilivyoachana, wazi, kileleni.

Ukitoka pwani, orodha inarefuka. Kenya ina E. kisambo (E. ni kifupi cha Encephalartos) upande wa Taita na E. tegulaneus kaskazini. E. bubalinus uko mpakani mwa Kenya na Tanzania. Usambara kuna E. sclavoi, magharibi mwa Tanzania kuna E. delucanus, na mlima Kanga mkoani Morogoro una wake, E. kanga, uliopewa jina la kisayansi mwaka 2007. Uganda ina E. whitelockii kwenye korongo la mto Mpanga, pamoja na E. equatorialis na E. macrostrobilus. Kongo ina E. ituriensis. Anayekuambia "mitapo yote ni sawa" hajaitazama kwa karibu.

Upande wa ukoo wa mnazi, adimu wetu mkubwa ni mpapindi wa Pemba, Chrysalidocarpus pembanus. Porini haupo kwingine, na kwao hasa ni msitu wa Ngezi. Vitabu vya zamani kidogo vinauita Dypsis pembana, kwa hiyo ukitafuta habari zake tafuta kwa majina yote mawili. Ndugu zake karibu wote wako Madagaska.

2. Omba ruhusa

Hifadhi ya msitu ina wenyewe: Tanzania bara ni TFS, wakala wa misitu, Kenya ni KFS ya misitu au KWS ya wanyamapori. Shamba la mtu lina mwenyewe. Na Kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, zina wazee wake. Kayani usiulize tu kama unaweza kuingia. Uliza pia kipi kinaruhusiwa kupigwa picha na kipi hakiruhusiwi, kisha tii jibu bila kujadiliana. Mzee akikuambia "hapo pana mambo yetu," simu inarudi mfukoni.

Kama ndiyo kwanza unaanza, jifunzie kwenye bustani. Amani kule Usambara ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na Entebbe mwaka 1898, na zote mbili zina minazi ya kigeni ya kutosha kukuchosha. Huko ukikosea unarudia kesho, na hakuna siri ya mahali.

3. Beba vitu vichache

Simu inatosha. Ongeza rula ya shule, daftari, penseli (wino huchuruzika mvua ikinyesha) na kipande cha kaniki cha mita moja. Kaniki ndiyo siri ya picha safi: ukiitandaza nyuma ya kuti, majani ya msituni yanayochanganya macho yanatoweka na kila jino la jani linaonekana. Sarafu usiitumie kuonyesha kipimo. Msomaji wa Kampala au Muscat hajui shilingi yako ina upana gani.

4. Piga kwa mpangilio

Jua kali la mchana huacha majani yaking'aa meupe na shina likiwa jeusi tititi. Asubuhi, jioni au siku ya mawingu ndiyo saa yake. Usitumie mwako wa kamera isipokuwa ndani ya koni, na usikate kitu. Kuti lililoanguka chini lina karibu kila kinachohitajika.

Kwa mtapo, anza na mti mzima, mtu akiwa amesimama kando ili urefu ujulikane. Fuatisha shina na chini yake, kuonyesha kama kuna machipukizi. Kisha njoo kwenye kuti, na hapa usiwe mchoyo wa picha. Piga kuti zima kuanzia juu hadi chini. Piga majani madogo ya katikati, upande wa juu na upande wa chini, rula ikiwa juu yake, kwa sababu wataalamu hulinganisha majani ya katikati na si ya ncha. Halafu shuka hadi karibu na shina: je, majani yanapungua polepole hadi yakawa miiba mitupu, au yanakoma ghafla na kuacha kikonyo kitupu? Sehemu hiyo hutenganisha spishi nyingi za Encephalartos, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Majani mapya yakiwa yametoka, piga pia manyoya na rangi yake, maana baada ya wiki chache hayatakuwepo.

Koni ni bahati. Mti unaweza kukaa miaka bila kutoa. Ukiikuta, piga kutoka ubavuni, kutoka juu, na kwa karibu uso wa magamba yake, uandike rangi kwa maneno kwa sababu kamera za simu hudanganya kwenye njano na kijani. Koni ya dume huwa nyembamba, na ikikomaa hunyoosha na kumwaga chavua. Ya jike ni nene. Kama kuna fukusi wanatambaa juu yake, wapige nao. Hao ndio wanaobeba chavua, na mara nyingi wamezoeana na mitapo ya jamii moja tu.

Anayedhani jinsia ni jambo dogo aufikirie Encephalartos woodii. John Medley Wood aliukuta msitu wa oNgoye, Afrika Kusini, mwaka 1895: kundi moja la mashina, dume tupu. Jike hajapatikana hadi leo, ingawa watafiti wamerusha droni juu ya msitu ule kumtafuta. Miti yote ya woodii iliyopo kwenye bustani za dunia ni machipukizi ya dume yuleyule. Mtu mmoja akipiga picha ya koni ya jike mahali sahihi, habari itaandikwa upya.

Kwa ukoo wa mnazi mpangilio hubadilika kidogo. Shina: je, lina pete, lina kilifu, lina miiba, limegawanyika? Mkoma hugawanyika matawi, jambo la nadra kwa ukoo huu. Mvumo husimama wima na wengi huvimba katikati ya shina. Kileleni, tazama kama chini ya makuti kuna bomba laini la kijani, kama lile la mpopoo. Mpapindi unalo. Kisha karara na panda: zinatokea katikati ya makuti, au chini ya hilo bomba? Mwisho matunda, na kama kuna lililoanguka, likate katikati upige na ndani.

Kuna kipimo kimoja kinachowashangaza hata wakwezi wa siku nyingi. Shika jani dogo pale linapoungana na uti wa kuti. Likiwa limekunjwa kama mfereji wa kukinga mvua, uko kwa mkindu na mtende. Likiwa limekunjwa kinyume chake, mgongo juu, uko kwa mnazi, mchikichi, mwale au mpopoo. Picha moja ya karibu ya maungio hayo inamaliza ubishi ambao ungechukua jioni nzima.

5. Andika palepale

Kumbukumbu haiaminiki ukishafika nyumbani. Andika tarehe, mwinuko kutoka usawa wa bahari, udongo au mwamba, jua au kivuli, miti inayouzunguka, na idadi ya mitapo unayoiona, wadogo na wakubwa. Msitu wenye miti mizee peke yake bila miche ni habari kubwa kuliko uzuri wa koni. La muhimu kuliko yote: wa porini au wa kupandwa? Mtapo uliopandwa mbele ya nyumba ya babu ya mtu mwaka 1950 unaonekana wa porini kabisa leo, na picha isiyosema hivyo itampotosha mtafiti.

Andika na jina la wenyeji, kisha taja umelisikia wapi. Mvumo wa mahali pamoja ni mhama wa mahali pengine. Wasusi wa mikeka wanaujua ukindu kuliko mtu yeyote wa chuo: wataje kama chanzo, ukiwa umewauliza kama wanataka kutajwa.

6. Safisha picha kabla haijatoka mkononi mwako

Simu nyingi huandika latitudo na longitudo ndani ya faili la picha. Kwenye mipangilio ya kamera, zima kuhifadhi mahali. Kwenye iPhone, unapobonyeza kushiriki, kuna sehemu ya chaguo ambako unaweza kuondoa mahali kwa picha hiyo tu. WhatsApp hufuta taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama hati ili ubora usishuke, faili linakwenda na kila kitu chake, na watu wengi hawalijui hilo. Nakala yenye mahali kamili weka kwako, au mpe mtafiti wa hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa) unayemjua.

Halafu tazama picha kwa jicho la mwizi. Mgongo wa mlima nyuma ya mti unatambulika. Kibao cha kijiji, mnara wa simu, geti la bustani na namba ya bodaboda iliyowaleta vyote vinasema. Kata picha, au simama upande mwingine. Uso wa kijana aliyewaongoza usiuonyeshe bila ridhaa yake, kwa sababu yeye ndiye atakayefuatwa na wanunuzi.

Katika maandishi taja wilaya au safu ya milima, usishuke zaidi. Kuna mahali ambako siri haipo tena: E. kanga imebeba mlima wake ndani ya jina lake, na korongo la Mpanga linajulikana na wageni wengi. Hata hapo kijia na bonde mahususi vibaki kwako. iNaturalist, mtandao wa kupandishia picha za viumbe, huficha yenyewe mahali pa spishi zilizo hatarini, ikionyesha mraba wa takriban kilomita 22 kila upande karibu na ikweta. Ni msaada mzuri, ila una tundu: ukipandisha mtapo uliofichwa, kisha ukapandisha mjusi uliyempiga dakika tano baadaye akiwa na mahali wazi, umeufichua mtapo kupitia mjusi.

Koni zenye mbegu zilizoiva subirisha. Zikishaanguka ndipo utoe picha.

7. Kuuliza, kujibu na kusahihishana

Swali zuri huja na picha tano au sita, maelezo, na fikira yako mwenyewe: "nadhani ni hildebrandtii kwa sababu majani ya chini yamekuwa miiba." Jibu zuri nalo huja na sababu. Jina tupu bila sababu halimfundishi mtu, hata likiwa sahihi.

Kusahihisha mkubwa wako kunahitaji ulimi. Mfano wa mazungumzo yanayokwenda vizuri ni huu:

"Shikamoo Mzee. Ahsante kwa picha, koni hii sijawahi kuiona. Naomba kuuliza: jani la katikati naliona lina mshipa mmoja, au ni kivuli?"

"Marahaba mwanangu. Ngoja nikalitazame tena."

"Haraka hakuna, Mzee. Nilikuwa nafikiria Cycas, ila wewe ndiye uliyeushika."

Mzee amepewa mahali pa kutazama na muda wa kutazama. Mara nyingi atarudi mwenyewe kusema ni Cycas. Ukianza na "umekosea", utapata ugomvi na picha nyingine hazitaletwa.

Picha ya mtu ni mali yake. Ukitaka kuituma kwingine, omba, na jina lake liende nayo. Na yupo yule asiyeuliza jani wala koni, swali lake la kwanza ni "location?" na la pili ni "bei gani?" Huyo usimjibu. Akiendelea, hifadhi ujumbe wake uwape TFS, KWS au mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako.

8. Mbegu, chavua na miche

Urafiki wa picha huishia kwenye kupeana mbegu, na hapo sheria inaingia. Encephalartos kuvuka mpaka, hata mbegu na chavua, hudai vibali vya CITES. Ndani ya nchi, mbegu za porini hudai ruhusa ya wenye msitu. Mimi hushauri watu wapeane za bustanini, zenye maandishi ya mama na baba. Bila maandishi kuna shaka: kwenye bustani yenye spishi kadhaa, Encephalartos huzaana hovyo, na mche utakuwa chotara hata ukiuita jina zuri vipi.

Bustanini fukusi wake mara nyingi hawapo, kwa hiyo chavua hutiwa kwa mkono. Koni ya dume ikianza kumwaga, itandazie karatasi safi, kausha chavua siku moja au mbili kivulini, ifunge kwenye bahasha ndani ya chupa kavu, andika spishi na tarehe, weka kwenye friza. Hapo itamsubiri jike wa rafiki yako. Mbegu za Encephalartos zikianguka, kiinitete bado ni kichanga. Zihifadhi miezi kadhaa kabla ya kuzitia mchangani. Za minazi mingi ni kinyume: zikikauka zinakufa, zipande mbichi.

Watu hupima mbegu kwa kuzitosa majini, inayoelea hutupwa. Kwa mtapo wa Cycas thouarsii usifanye hivyo. Mbegu yake ina tabaka la sponji ndani na huelea ikiwa nzima kabisa. Bahari ndiyo inayoisafirisha.

Mbegu za mitapo zina sumu, kwa watoto, mbwa na mbuzi. Zamani za njaa watu walizila baada ya kuziloweka na kuzishughulikia kwa siku nyingi, na maarifa hayo yalikaa kwa waliofundishwa kwa kuona. Usitume "mapishi" yake kwa ujumbe.

Kisha wadudu. Kidugamba cha mitapo, Aulacaspis yasumatsui, kilitoka kusini-mashariki mwa Asia, kikaonekana Florida mwaka 1996 na Guam mwaka 2003, ambako kimeua sehemu kubwa ya mitapo ya porini. Kimefika Afrika Kusini pia. Husafiri kwenye miche, na hujificha hata mizizini. Nao fukusi mwekundu wa minazi aliingia Ghuba miaka ya 1980 pamoja na machipukizi ya mitende, kwa hiyo ndugu anayerudi kutoka Oman na chipukizi ndani ya begi, hata kama ni la mtende wa mamake, alipitishe kwa wakaguzi wa mimea: KEPHIS kwa Kenya, TPHPA kwa Tanzania.

Kabla ya kupokea mche wowote omba picha tatu: upande wa chini wa majani, maungio ya kikonyo na shina, na mizizi ikiwa nje ya mfuko. Ukiona ukungu mweupe wa magamba madogo popote, mche haupokelewi. Ukishapokea ulio safi, uweke mbali na mitapo yako miezi miwili au mitatu, na uutazame chini ya majani kila wiki.